Kabla ya kubadili ekzosi ya gari la zamani, msikilize mtoto wa kiti cha nyuma

Tongoni, Tanga. Jioni moja ya Ijumaa nilimkuta kaka yangu ameinamia boneti ya gari lake, tochi ya simu mdomoni, mikono myeusi hadi viwikoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Wifi yangu alikuwa barazani akijipepea, ana mimba ya miezi sita, na binti yao wa miaka saba amelaza kichwa mapajani mwake.

“Kichwa tena, wifi,” aliniambia kabla sijauliza.

Gari lenyewe ni Toyota Altezza ya mwaka 1999, ile RS200 ya gia za mkono. Waliowahi kupenda magari ya mbio wataijua: injini ya 3S-GE ya lita 2.0, silinda nne, ambayo Toyota iliitangaza kuwa na nguvu za farasi 210. Kaka aliinunua kabla hajaoa. Wifi husema kwa utani kwamba yeye ameolewa mke wa pili, wa kwanza analala uani chini ya turubai.

Siku hiyo kaka alikuwa na habari moja tu. Alitaka kununua heda.

Nimeandika kurasa hizi kuhusu chanjo, lishe na meno ya watoto. Sikutegemea kama ningeandika kuhusu heda za gari. Lakini kilichotokea nyumbani kwa kaka yangu kinaweza kutokea kwa familia yoyote yenye gari la zamani, liwe la mbio au Noah ya kubebea wanafunzi, na nimeona afadhali nikieleze chote, spea na tiba pamoja.

Kichwa cha siku za shule

Kutoka Tongoni hadi Tanga mjini ni kilomita kama 17 kwa barabara ya Pangani. Kila asubuhi ya shule baba humpeleka binti yake. Barabara hiyo kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi, na mazoea ya vumbi hayaishi haraka: vioo juu, kiyoyozi kinavuma.

Binti alianza kulalamika kichwa miezi miwili kabla ya mimi kufika. Akifika shuleni kinamuuma, anasikia kichefuchefu, mara mbili alitapika getini. Mwalimu alipiga simu. Kufika saa nne, wakati wa mapumziko, anacheza kama wenzake.

Alipelekwa zahanati. Kipimo cha haraka cha malaria kikasema hana. Akarudishwa baada ya wiki mbili, kipimo kikasema hana tena, safari hii akapewa dawa za malaria hivyo hivyo. Jirani akasema labda ni macho. Bibi yake akasema mtoto hataki shule.

Niliuliza maswali ambayo mwandishi yeyote wa afya angeuliza. Ana homa? Hana. Jumamosi na Jumapili kinamuuma? Wifi alifikiri kidogo, akasema hapana, isipokuwa Jumapili ile walipokwenda Pangani. Walikwenda na nini? Na gari. Na wewe mwenyewe, wifi? Akacheka, akasema yeye ana mimba, kila kitu kinamuuma, ila siku za kliniki huwa hoi zaidi. Kliniki hupelekwa na gari.

Kaka ndipo alipoinua kichwa kutoka kwenye boneti. Akasema hata yeye akifika kazini huwa kama aliyepigwa rungu, akadhani ni kuamka alfajiri.

Watu watatu, kichwa kimoja, mahali pamoja, na kinapoa wakishuka. Kwa daktari hiyo ni dalili kubwa kuliko kipimo chochote.

Sauti ya tik-tik

Asubuhi iliyofuata alikuja fundi kutoka Ngamiani, mzee wa makamo ambaye kaka humwita mjomba ingawa si mjomba wetu. Aliomba gari lisiwashwe mpaka afike, kwa sababu alitaka injini ikiwa baridi.

Lilipowashwa tulisikia sauti nyembamba ya haraka, tik-tik-tik, kama saa ya mezani iliyokasirika. Baada ya dakika kadhaa ikafifia. Fundi akatikisa kichwa. Alitueleza kwamba chuma kikipata moto hutanuka, na ufa mdogo hujibana ukanyamaza, ndiyo maana mtu akipeleka gari gereji likiwa la moto anaambiwa halina tatizo.

Akachukua tambara nene, akaziba bomba la nyuma kwa sekunde chache huku kaka akiacha injini inguruma taratibu. Sauti ikarudi, kubwa. Kwa tochi tukaona alama nyeusi ya masizi kwenye manifoldi, yaani lile bomba la kwanza linalopokea moshi kutoka kwenye silinda na kuupeleka kwenye ekzosi. Mwenye gari wa zamani alikuwa amekwisha kulichomelea mara moja. Kovu la uchomeleaji lilikuwa limepasuka upya.

Moshi unaotoka hapo haujapita kwenye masega wala kwenye sailensa. Ni moshi mbichi. Unajaa chini ya boneti, na chini ya kioo cha mbele, nyuma kidogo ya boneti, ndipo gari linapovutia hewa ya kuingiza ndani. Kiyoyozi kikiwa kimewekwa kuvuta hewa ya nje, kinavuta na hiyo. Matundu ya nyaya na pedali yaliyopoteza mipira yake hufanya kazi hiyo hiyo. Gari la zaidi ya miaka 20 lina mipira mingapi mizima?

Gesi isiyo na harufu

Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ni gesi ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi, na wanaowasha jenereta ndani ya nyumba.

Ikiingia mapafuni hushikana na hemoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inazunguka kama kawaida ila mzigo iliobeba siyo. Ubongo na moyo ndivyo vinavyolalamika kwanza: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi usio wa kawaida. Kiwango kikizidi, mtu hupoteza fahamu na anaweza kufa.

Mtoto huvuta hewa kwa kasi kuliko mtu mzima, kwa hiyo humpata mapema. Aliye tumboni yuko hatarini zaidi, maana damu yake huishika gesi hii kwa nguvu kuliko ya mama na huchelewa kuiachia. Niliposema hivyo barazani, wifi aliacha kujipepea.

Mtu akitoka kwenye hewa safi, nusu ya gesi iliyo kwenye damu huchukua saa nne hadi tano hivi kuondoka. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Ndiyo sababu binti yetu alikuwa mzima kufikia mapumziko: alikuwa amepata kiasi kidogo, na uwanja wa shule una hewa ya bahari.

Jambo moja wazazi walijue kabla ya kwenda hospitali. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni hakiwezi kutofautisha oksijeni na gesi hii. Kitaonyesha 98 au 99 na mtu anaumwa. Usiposema neno “moshi wa gari” au “jiko”, hakuna atakayejua kutafuta. Mwambie daktari tulikuwa kwenye gari, wote tunaumwa, tukishuka tunapata nafuu.

Heda ni nini hasa

Basi hapo ndipo ndoto ya kaka na dawa ya mtoto zilipokutana. Manifoldi lazima ibadilishwe. Swali likawa ibadilishwe na nini, na hapa ndipo nilipokaa siku tatu nikiuliza mafundi, kwa sababu kaka mwenyewe si wa kuaminika kwenye jambo hili. Ana mapenzi.

Kila silinda inapomaliza kuchoma mafuta husukuma nje moshi kwa mpigo mmoja mzito. Manifoldi nyingi za kiwandani ni fupi, na moshi wa silinda moja hukutana na wa nyingine mapema wakasukumana mlangoni. Heda huipa kila silinda bomba lake refu, yote yakiwa na urefu unaokaribiana, ndipo yanakutana. Mpigo mmoja ukipita kwa kasi huacha nyuma yake mvuto unaosaidia kuvuta wa pili. Injini inapumua kwa urahisi.

Zipo za aina mbili kwa injini ya silinda nne. Nne-kwa-moja: mabomba manne yanakutana mahali pamoja. Hii hutoa faida yake injini ikiwa juu kabisa, sauti inalia, mshale uko upande wa kulia wa dashibodi. Nne-mbili-moja: manne yanakuwa mawili, mawili yanakuwa moja. Faida yake iko katikati, kwenye mizunguko elfu mbili mpaka nne, pale gari la familia linapoishi siku zote. Anayepeleka mtoto shule na kurudi na gunia la nazi hana kazi na nne-kwa-moja.

Nguvu inaongezeka kiasi gani? Kwa injini isiyo na turbo, ambayo haijabadilishwa kitu kingine, tegemea farasi wachache tu. Muuzaji akikwambia 30, muulize kama anauza na nyasi zao.

Kaka alikuwa na njia tatu. Ya kwanza, manifoldi ya asili iliyotumika, kutoka kwa wauza spea za mtumba wa Ilala, Dar es Salaam, ikatumwa kwa basi. Ya pili, heda mpya ya kuagiza. Ya tatu, fundi wa kuchomelea amtengenezee hapo hapo Tanga.

Hiyo ya tatu ndiyo rahisi kwa bei, na ndiyo iliyonipa hofu zaidi. Fundi wa kwanza tuliyemwendea alituonyesha mabomba aliyokusudia kutumia. Yalikuwa mabomba ya maji, yale yaliyopakwa zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 419, na bomba la karibu na injini hupita hapo bila shida. Ikichomelewa hutoa mafusho meupe yanayompa fundi homa na baridi kali usiku, na watoto wanaozubaa karibu na karakana huvuta mafusho hayo hayo. Pia bomba la maji halikutengenezwa kustahimili kupata moto na kupoa kila siku. Litapasuka, na tutarudi kwenye tik-tik.

Sisemi hakuna mafundi hodari wa kuchomelea. Wapo. Lakini kazi hii inataka bomba sahihi, kiunzi cha kushikilia vipimo na mkono uliozoea. Uliza aoneshe heda nyingine aliyotengeneza ambayo ina mwaka mmoja barabarani.

Chumvi ya Tongoni

Anayesoma hapa kutoka Dodoma anaweza kuruka sehemu hii. Sisi wa pwani tuna chumvi hewani mchana na usiku. Nyumba ya kaka iko karibu na bahari kiasi kwamba bati lake la mwaka juzi tayari lina madoa.

Heda za kuagiza huuzwa kwa picha zinazong’aa, na mng’ao hausemi kitu. Nyingine ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha, ambacho kwa pwani yetu kitaanza kutoboka mapema. Nyingine ni stenlesi ya 409, ambayo hushika kutu ya juu juu lakini huvumilia. Iliyo bora kwa hewa ya chumvi kati ya hizi ni stenlesi ya 304. Chukua sumaku ndogo. Kwenye chuma cha kawaida na kwenye 409 itanasa. Kwenye 304 haitanasa, au itagusa kwa unyonge tu kwenye kona zilizokunjwa. Sumaku ya spika mbovu inatosha.

Vijana wengi huzungushia heda kitambaa cha kuzuia joto. Kinapunguza joto chini ya boneti, ni kweli. Hapa kwetu kinakaa na unyevu wa chumvi kama nguo iliyolowa na kula chuma cha kawaida kutoka chini ambako hakuna anayeona. Na kama gari lako lina kamba nyeupe za zamani zilizofungwa kwenye ekzosi, au gasketi kuukuu ya kijivu inayovunjika vumbi, usiikwangue kavu na usipulize kwa upepo wa kompresa. Bidhaa hizo zimewahi kutengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu baada ya miaka mingi. Ilowanishe kwanza, watoto wakae mbali.

Kuna mengine ya kuangalia ambayo muuzaji wa mtandaoni hatakwambia. Heda iwe ya injini yako: Altezza ya 3S-GE na ile ya silinda sita ya 1G-FE hazibadilishani, na 3S-GE ya Celica ya magurudumu ya mbele haiingii. Iwe ya gari la usukani wa kulia. Gari hili kwa Ulaya na Marekani liliitwa Lexus IS, na heda nyingi zilizotengenezewa usukani wa kushoto zitagonga mhimili wa usukani wetu. Bapa la kufungia kwenye injini liwe nene. Ukilipata la milimita tatu nne, liache, litapinda kwa joto na kuvuja. Weka juu ya kioo cha meza, liangalie kama linakaa sawa. Na pawe na tundu la sensa ya oksijeni mahali pake.

Hiyo sensa ina hadithi yake. Kukiwa na ufa kabla yake, hewa ya nje huingia kati ya mipigo, sensa inadhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza mafuta. Gari linakunywa zaidi na kutoa kaboni monoksaidi zaidi, kupitia ufa ule ule. Kaka alikiri kwamba kwa miezi miwili alikuwa anajaza mafuta kila baada ya siku nne badala ya sita. Alimlaumu mwenye kituo cha mafuta.

“Tutoe na masega, hela ya heda hiyo”

Sentensi hii aliisema fundi wa pili, na naamini wasomaji wengi wenye magari wameisikia. Masega ni kile kifaa kilicho ndani ya bomba, chenye vitundu kama sega la nyuki, kilichopakwa madini ya platini, paladi na rodi. Wanunuzi wanayataka kwa sababu ya madini hayo. Bei wanayotoa inavutia, hasa mwezi wa ada.

Kazi yake ni kuchukua kaboni monoksaidi na kuifanya kaboni dayoksaidi, na kuchoma mabaki ya petroli ambayo hayakuungua. Huanza kufanya kazi vizuri yakifika nyuzi joto 300 hivi. Yakiondolewa, kila moshi unaotoka nyuma ni mbichi. Ukiwa umesimama foleni na vioo wazi, au umefungua buti kwa sababu umebeba meza, moshi huo unarudi ndani, kwa kuwa nyuma ya gari linalotembea pana mvuto wa hewa.

Tulikwisha pigana vita kubwa kuliko hii. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, kwa sababu risasi huharibu ubongo wa watoto. Faida nyingine ya petroli isiyo na risasi ni kwamba masega hayazibwi. Kuyang’oa leo na kuyauza ni kurudi nusu ya njia kwa hiari.

Kaka alinitazama. Nikamtazama. Masega yamebaki.

Kelele na moto

Kuhusu kelele nitakuwa mfupi, kwa sababu heda yenyewe siyo mkosaji mkubwa. Mabomba membamba hulia zaidi kidogo kuliko chuma kizito, lakini ngurumo ile inayoamsha mtaa hutokana na kuondoa sailensa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wasizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Mvumo wa ekzosi iliyofunguliwa ndani ya gari lililofungwa vioo, kila siku kwenda na kurudi, si burudani kwa masikio ya miaka saba. Mtoto akishuka anasema masikio yanavuma, hilo ni onyo.

Moto ndilo jambo la nyumbani zaidi. Heda ya bomba jembamba hutoa joto jingi, na hubaki na uwezo wa kuunguza kwa muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Watoto hupenda kuinama na baba kwenye boneti. Wenye bodaboda wanajua alama ya ndama za miguu. Mtoto akiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji safi ya bomba yanayotiririka, ya kawaida si ya barafu, kwa dakika 20. Vua pete na nguo ambayo haijaganda. Funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, yai, mafuta ya nazi, unga: viache jikoni. Ngozi ikiwa nyeupe au imetoka malengelenge makubwa, au ni uso, mikono au sehemu za siri, nenda hospitali.

Jahazi la Mreno

Kidogo nitoke nje ya njia. Tongoni inajulikana kwa magofu yake, msikiti wa karne ya 15 na makaburi zaidi ya 40, kadhaa yakiwa na nguzo. Zamani paliitwa Mtangata. Mapema mwaka 1499 Vasco da Gama alipita hapa akirudi kutoka India. Mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, na waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Akaiteketeza moja, São Rafael, kwenye mafungu ya pwani hii.

Nilimsimulia kaka kisa hicho usiku ule alipokuwa anapiga hesabu kwenye kalamu ya mtoto na daftari la mtoto. Akasema yeye gari halichomi. Nikamwambia sijasema uchome.

Hesabu ilikuwa ngumu kweli. Manifoldi ya mtumba ilikuwa nafuu, lakini mbili za kwanza tulizotumiwa picha zilikuwa na makovu ya kuchomelewa kama ya kwake. Heda ya 304 ya nne-mbili-moja, ya usukani wa kulia, bei yake ilikuwa mara tatu ya ile ya rangi ya fedha. Na mtoto wa pili anakuja baada ya miezi mitatu.

Aliuza rimu zake. Zile pana, nyeusi, alizozisafisha kwa mswaki kila Jumapili. Magurudumu ya sasa ni ya chuma na vifuniko vya plastiki, na vijana wa kijiweni wamemcheka. Wiki tano gari lilikaa chini ya turubai kusubiri mzigo. Binti alipanda daladala na baba yake. Wiki hizo tano hakulalamika kichwa hata siku moja, na hapo hata bibi yake aliacha habari ya mtoto hataki shule.

Wifi nilimsindikiza kliniki na tukamweleza mkunga kila kitu. Alimsikiliza mtoto tumboni, mapigo yalikuwa mazuri, akampeleka kwa daktari ambaye alimwandikia kwenye kadi na kumtaka arudi mapema kuliko ratiba.

Siku ya kufunga

Mzee wa Ngamiani alifunga kwa gasketi mpya ya chuma na nati mpya zote. Alikataa kutumia za zamani, akisema nati iliyokwisha kuiva kwa moto haikazi tena. Alipowasha mara ya kwanza ilitoka moshi mweupe wenye harufu chini ya boneti. Hayo ni mafuta ya kiwandani yanaungua kwenye bomba jipya. Alitutaka watoto wakae mbali, na safari ya kwanza akaenda na kaka peke yao, vioo vyote chini, mpaka Pangani na kurudi.

Kisha akaacha gari lipoe kabisa usiku kucha. Asubuhi akalirudia kukaza nati, kwa sababu chuma kipya kikishapata moto na kupoa mara chache hulegea. Akaliwasha likiwa baridi, akapaka povu la sabuni kwenye viungio, akaziba tambara nyuma. Hakuna kilichotoa mapovu. Akarudia baada ya wiki moja bila kuitwa. Fundi ambaye hataki kurudia kukaza, mtafute mwingine.

Akamalizia kwa jambo ambalo kaka hakulilipia: alibadilisha mipira mitatu ya matundu ya nyaya chini ya dashibodi, aliyoikata kutoka kwenye mpira wa tairi la ndani la baiskeli.

Safari ya kwanza ya shule ilikuwa Jumatatu. Binti alikaa nyuma, kioo kimeshushwa nusu kwa amri ya mama. Wifi ameanzisha kalenda kwenye ukuta wa jikoni, msalaba mwekundu kwa kila siku ya kichwa. Hadi naandika habari hii ni wiki ya nne, na upo msalaba mmoja. Siku hiyo mtoto alikuwa na mafua, na gari lilikuwa limekaa nyumbani.